Mlinzi Naye Apumzike

Ifikapo saa kumi na moja jioni, milango ya ofisi za serikali mjini Kigali hufungwa na watumishi hushika njia ya kurudi nyumbani. Utaratibu huo ulipitishwa na Baraza la Mawaziri la Rwanda mwezi wa Novemba 2022, nao ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 2023: kazi huanza saa tatu asubuhi na kukoma saa kumi na moja jioni. Kusudi lake lilikuwa jema, nalo ni kumpa mzazi nafasi ya kuwa na watoto wake, na kumwezesha mtumishi kutoa tija zaidi katika saa anazokuwa kazini.

Lakini zipo kazi ambazo mlango wake haufungwi. Katika sekta ya Gahanga, ambayo ni moja kati ya sekta 10 za wilaya ya Kicukiro, hupita barabara kuu itokayo Kigali kwenda Nyamata hadi Nemba, mpakani mwa Burundi. Hapo mji unakaribia kwisha, na barabara inateremka kuelekea mto Nyabarongo. Miaka michache iliyopita sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa mashamba. Leo nyumba zinaongezeka mwaka hata mwaka, na wenyeji wake wengi hutegemea barabara hiyo asubuhi na jioni. Saa ambayo karani anafunga daftari lake ndiyo saa ambayo mabasi, malori, pikipiki na baiskeli hukutana barabarani. Kwa askari wa usalama barabarani, kwa dereva wa gari la wagonjwa na kwa muuguzi wa zamu ya usiku katika kituo cha afya, saa kumi na moja siyo mwisho wa kazi. Ndipo kazi nzito inapoanza.

Tangu tarehe 13 Mei 2019, Polisi ya Rwanda ilipoanzisha kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani "fika salama", wenye vyombo vya moto wamekuwa wakikumbushwa kwamba mwendo wa kasi, ulevi na uchovu huua. Mafundisho hayo ni ya kweli. Iko haja, hata hivyo, ya kujiuliza iwapo anayeyatoa barabarani, yeye mwenyewe, amelala saa ngapi. Dereva wa basi akikutwa anasinzia huteremshwa. Askari aliyemteremsha huenda yuko katika saa ya kumi na sita tangu aamke, na hakuna wa kumwambia akapumzike.

Suala la saa za ziada za askari, zimamoto na watumishi wa huduma za dharura kwa kawaida hutazamwa kama suala la malipo. Husemwa kwamba fulani amefanya kazi zaidi, basi alipwe zaidi. Malipo ni haki, na hapana sababu ya kuyadharau. Lakini suala hilo lina upande mwingine ulio mzito zaidi, nao ni usalama. Fedha haziwezi kurudisha usingizi uliopotea. Askari aliyelipwa vizuri kwa saa yake ya ishirini bado ana macho ya mtu aliye macho kwa saa ishirini, na bunduki iliyo mkononi mwake haijui kwamba amelipwa.

Historia ya jambo hili ni ndefu. Mwaka 1919, Shirika la Kazi Duniani lilipokutana kwa mara ya kwanza mjini Washington, mkataba wake wa kwanza kabisa ulihusu saa za kazi: saa 8 kwa siku na saa 48 kwa juma katika viwanda. Mwaka 1935 shirika hilo likapitisha mkataba wa juma la saa 40. Mwaka 1977 likawageukia wauguzi, likapendekeza kwamba siku ya kazi ya muuguzi, pamoja na saa za ziada, isizidi saa 12, na kwamba kati ya zamu moja na nyingine apate walau saa 12 mfululizo za kupumzika. Hivyo ulimwengu umekwisha kukubali, kwa zaidi ya miaka mia moja sasa, kwamba nguvu za mwanadamu zina kikomo.

Hata hivyo, watu wenye silaha mara nyingi wamewekwa nje ya kanuni hizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 kwa juma, na inazuia saa za ziada kupita 50 katika muda wa majuma manne. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba haiwahusu wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo imewaacha nje wanajeshi, polisi na magereza. Nchini Rwanda, polisi na wanajeshi huongozwa na kanuni zao maalumu, mbali na sheria ya kazi ya mwaka 2018 inayomhusu mfanyakazi wa kawaida.

Sababu za kuwatenga zinaeleweka. Adui hangoji saa za ofisi, wala moto hauombi miadi. Askari hawezi kuacha lindo katikati ya shambulio kwa kuwa saa yake imetimia. Kutokana na wajibu huo, katika nchi nyingi haruhusiwi kugoma, na hata mikataba ya kimataifa juu ya vyama vya wafanyakazi imeziachia serikali ziamue zenyewe kuhusu majeshi na polisi. Lakini hapo ndipo penye jambo la kufikiriwa. Mfanyakazi wa kiwandani akizidishiwa saa, analo bunge lililomtungia sheria, analo shauri la chama chake, na anayo mahakama. Askari anacho kitu kimoja tu, nacho ni daftari la zamu lililo mezani kwa mkuu wake. Likiandikwa kwa busara, askari amelindwa. Likiandikwa ovyo, hana kimbilio jingine.

Yafaa kueleza uchovu unafanya nini katika mwili, kwa maana wako wanaodhani kwamba ni udhaifu wa moyo tu, na kwamba mtu shupavu huushinda. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha matokeo ya jaribio lililo rahisi kueleweka. Waliwapima watu uwezo wa macho na mikono yao wakiwa wamekesha, kisha wakawapima watu hao hao wakiwa wamekunywa pombe. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 utendaji wake huwa kama wa mwenye kiasi cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi humzuia mtu kuendesha gari. Akifikisha saa 24 bila kulala, huwa kama mwenye asilimia 0.10. Kwa maneno mengine, askari aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akashika zamu ya mchana, kisha akaongezewa doria ya usiku, ifikapo saa nne usiku anashika usukani na silaha akiwa katika hali ya mlevi, ingawa hajagusa tone.

Mwili pia una saa yake ya ndani, ambayo haisomi amri za kikosi. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, joto la mwili hushuka, fahamu hupungua, na usingizi huja hata kwa mtu aliyelala mchana. Wakati huo mtu aliyechoka sana anaweza kupitiwa na usingizi wa sekunde chache huku macho yakiwa wazi, wala asijue kwamba amelala. Gari linalokwenda mwendo wa kilomita 60 kwa saa husafiri mita 50 katika sekunde tatu. Kwenye mteremko wa Gahanga, mita 50 zatosha kuyamaliza maisha ya mwendesha baiskeli na abiria wa pikipiki.

Hasara haiishii katika ajali. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani zilitoa taarifa ya pamoja iliyokadiria kwamba katika mwaka 2016 watu 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na kwa ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa nyingi mno. Kipimo walichotumia ni saa 55 au zaidi kwa juma. Mtu wa kundi hilo, akilinganishwa na anayefanya kazi saa 35 hadi 40, ana hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Nchini Marekani, uchunguzi uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya vifo vya askari wa zimamoto wakiwa kazini vilitokana na maradhi ya moyo, wala si moto wenyewe. 

Tarakimu ya saa 55 ina maana kubwa kwa kila mkuu wa kituo, na hapa hesabu ndogo yahitajika. Juma moja lina saa 168. Lindo linalotakiwa kuwa na mtu usiku na mchana linahitaji saa hizo zote. Wakiwekwa watu wawili, kila mmoja atafanya saa 84. Wakiwekwa watatu, wakapokezana zamu za saa nane nane, wengi husema kwamba mambo yamekuwa sawa, kwa kuwa saa nane ndizo saa za kazi za mwanadamu. Lakini watatu hao hawana siku ya mapumziko hata moja. Kila mmoja anafanya siku saba mara saa nane, yaani saa 56 kwa juma. Wamekwisha kuuvuka mstari wa hatari, na hapo hakuna aliyeugua, hakuna aliyekwenda likizo, hakuna aliyeitwa mahakamani kutoa ushahidi asubuhi baada ya kukesha, wala hakuna aliyebaki kituoni kuandika maelezo ya tukio la usiku.

Wakiwekwa wanne, kila mmoja hufanya saa 42. Ili kila mmoja asipite saa 40, lindo moja linataka watu wanne na sehemu ya mtu wa tano; na kwa kuwa binadamu huugua, huenda likizo na huenda mafunzoni, watano ndio kiasi kilicho salama. Hesabu hiyo ndiyo inayofichua asili ya saa nyingi za ziada. Mara nyingi saa hizo hazitokani na ghasia, moto wala mafuriko. Zinatokana na lindo la watu watano linaloshikwa na watu watatu, mwezi baada ya mwezi, hata upungufu ukazoeleka na kuitwa utaratibu.

Ni muhimu, kwa hiyo, kutenganisha dharura na upungufu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi katika majimbo ya Magharibi, Kaskazini na Kusini ya Rwanda, na watu zaidi ya 130 wakapoteza maisha. Usiku kama huo hakuna askari wala mwokoaji mwenye heshima zake anayetazama saa. Vivyo hivyo, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa nchini humo tarehe 27 Septemba 2024, walioambukizwa walikuwa 66 na waliokufa 15, na wengi wa wagonjwa hao walikuwa watumishi wa afya wenyewe, waliokuwa wakiwahudumia wenzao. Ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 20 Desemba 2024. Watu waliosimama imara katika majuma hayo walistahili sifa waliyopewa.

Lakini dharura ina mwanzo na mwisho. Nguvu inayotumika siku ya dharura ni akiba, na akiba huwekwa siku za kawaida. Kikosi kinachotumia nguvu zake zote kila siku kwa sababu ya upungufu wa watu hakina cha kutoa siku ya mafuriko. Kamba hukatikia pabovu, na ubovu wa kamba huanza kabla mzigo mkubwa haujaning'inizwa.

Wako makamanda wanaojibu kwamba askari hufundishwa kustahimili, na kwamba kumhesabia saa ni kumlegeza. Hoja hiyo yastahili jibu la heshima, kwa kuwa kustahimili ni sehemu ya maadili ya kijeshi. Kweli, mazoezi humfundisha askari kuendelea akiwa amechoka. Yasichoweza kufanya ni kuuondoa uchovu. Tena kadiri askari anavyokuwa na nidhamu, ndivyo anavyojua kuficha uchovu wake, na ndivyo mkuu wake anavyokuwa katika hatari ya kudanganyika. Aliyesimama wima katika gwaride huenda amekwisha kulala ndani kwa ndani.

Mfano wa kutisha ulitokea katika jeshi lenye mali na vyombo kuliko majeshi mengi duniani. Tarehe 17 Juni 2017, manowari ya Marekani iitwayo USS Fitzgerald iligongana na meli ya mizigo karibu na Japani, na mabaharia 7 wakafa. Tarehe 21 Agosti mwaka huo huo, manowari nyingine, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, wakafa 10. Meli zote mbili zilikuwa na vyombo vya kuonea mbali gizani. Uchunguzi ulipofanywa, uchovu wa mabaharia na makosa ya upangaji wa zamu yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa, pamoja na upungufu wa mafunzo na uongozi. Tangu hapo jeshi hilo la majini liliagiza kwamba zamu za melini zipangwe kwa kufuata saa ya mwili, na kwamba kila baharia apewe nafasi ya kulala. Watu 17 walikuwa wamekwisha kufa kabla ya amri hiyo kutoka.

Nchi nyingine zimejaribu kulitatua jambo hili kwa sheria. Marekani, kwa mfano, haikuwaacha polisi na zimamoto nje kabisa, bali iliwawekea kipimo chao. Badala ya kuhesabu juma moja moja, mji unaweza kuhesabu siku 28 kwa pamoja: polisi akipita saa 171, au zimamoto akipita saa 212, hapo saa za ziada huanza. Kipimo hicho kinakubali kwamba kazi ya dharura haina juma lililo sawa na jingine, huku kikikataa kwamba haina kikomo.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya kikomo cha jumla ni wastani wa saa 48 kwa juma, na mahakama ya umoja huo imelazimika kuamua kazi ni nini hasa. Tarehe 21 Februari 2018, katika shauri la askari wa zimamoto wa kujitolea wa mji wa Nivelles nchini Ubelgiji, iliamuliwa kwamba mtu anayekaa nyumbani kwake akingoja kuitwa, huku akitakiwa kufika kituoni katika dakika nane, huyo yuko kazini, kwa kuwa hawezi kuutumia muda wake apendavyo. Tarehe 15 Julai 2021, mahakama hiyo hiyo ikatazama shauri la mwanajeshi wa Slovenia aliyekuwa akishika lindo kambini siku saba mfululizo kila mwezi. Ilisema kwamba operesheni, mafunzo ya kivita na hali zisizo za kawaida haziwezi kufungwa na saa, lakini lindo la kawaida wakati wa amani si vita, na aliyelishika naye ni mtu mwenye haki ya mapumziko. Si kila serikali ya Ulaya iliyoufurahia uamuzi huo. Hata hivyo, tofauti iliyowekwa na mahakama hiyo, kati ya mapigano na lindo la kila siku, ina manufaa kwa kila jeshi.

Malipo ya saa za ziada nayo yana hatari yake, nayo haipaswi kufichwa. Mahali ambapo mshahara ni mdogo na saa za ziada zinalipwa vizuri, askari mwenyewe huzitafuta, akauza usingizi wake ili apate karo ya watoto. Mahali pengine huzuka saa hewa, yaani saa zinazoandikwa na kulipwa bila kufanyiwa kazi. Mwaka 2018 polisi wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani walifikwa na fedheha ya namna hiyo. Askari kadhaa walishitakiwa kwa kudai malipo ya zamu ambazo hawakuzifanya, na kikosi kimoja kizima cha barabarani kikavunjwa. Kwa hiyo anayedhani kwamba dawa ni kufungua mfuko tu, amekosea. Dawa ya kwanza ni kuhesabu kwa ukweli.

Hata upangaji wa zamu wataka kuchunguzwa kuliko kuachiwa mazoea. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa miongoni mwa polisi wa Detroit na wa Arlington katika Texas, ambako askari waligawanywa katika zamu za saa 8, saa 10 na saa 12. Wa zamu za saa 10, waliofanya siku chache zaidi kwa juma, walilala zaidi kuliko wa saa 8, na walihitaji saa za ziada kidogo mno. Wa saa 12 walionekana kuwa na usingizi zaidi na wepesi mdogo wa fahamu. Mafunzo yanayopatikana hapo si kwamba kila nchi iige saa 10. Ni kwamba mkuu wa kikosi anaweza kupata askari walio macho zaidi kwa kubadili mpangilio, hata kabla ya kuongezewa watu.

Je, mkuu wa kituo kilicho mbali, mwenye watu wachache na fungu dogo, aweza kufanya nini? Yako mambo yasiyogharimu fedha nyingi. La kwanza ni kuweka daftari linaloonyesha saa halisi, pamoja na zile za kusafiri kwenda lindoni, za mahakamani na za kungoja, kwa maana saa isiyoandikwa haionekani makao makuu, na upungufu usioonekana hauletewi watu. La pili ni kuhakikisha kwamba kati ya zamu na zamu yako mapumziko yanayotosha kwenda nyumbani, kula, kulala na kurudi. La tatu ni kutomkabidhi usukani wala silaha, isipokuwa kwa dharura ya kweli, mtu aliyekwisha kuwa macho kwa saa 17. La nne ni kuruhusu usingizi mfupi wa dakika 20 katika zamu ya usiku, kwa zamu na kwa ruhusa, badala ya kuuadhibu usingizi wa wizi ambao hauna budi kuja. La tano ni kuzungusha zamu kwa kufuata jua, kutoka asubuhi kwenda mchana na kutoka mchana kwenda usiku, kwa kuwa mwili hukubali kuchelewa kulala kwa wepesi kuliko kuwahi.

La mwisho ni kwamba saa zilizotolewa wakati wa dharura zirudishwe kwa mapumziko mara dharura inapokwisha. Deni la usingizi halifutwi kwa hotuba ya pongezi. Tena mkuu mwenyewe ajumuishwe katika hesabu hiyo. Kamanda asiyelala hutoa amri mbaya, na amri mbaya moja huwafikia watu wengi kuliko kosa la askari mmoja.

Askari wa ngazi ya chini naye ana sehemu yake. Kusema "nimechoka, siwezi kuendesha" si uoga wala utovu wa nidhamu, kama vile kusema kwamba breki za gari hazishiki si uoga. Ni taarifa ya hali ya chombo, na mkuu mwenye busara huipokea hivyo. Aidha, siku ya mapumziko ni ya kupumzika. Anayeitumia yote katika kibarua kingine cha kulinda mali ya watu hurudi kituoni akiwa amechoka kuliko alivyoondoka.

Raia, kwa upande wao, wanapaswa kutambua kwamba usalama wao haushuki kutoka mbinguni. Katika mitaa ya Rwanda wananchi wanaufahamu ugumu wa kukesha, kwa kuwa irondo, yaani ulinzi wa usiku wa wakazi wenyewe, umewafundisha tofauti ya usiku mmoja wa zamu na usiku wa kila siku. Mtu aliyepata kukesha na wenzake kisha akaenda kazini asubuhi hahitaji kuelezwa mengi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, mpaka utakapoubeba mwenyewe.

Usiku wa manane simu hulia kwa namba 112 kuita polisi, au kwa namba 912 kuita gari la wagonjwa. Anayepiga hulia kwa hofu. Pengine mama ameanza kutokwa na damu baada ya kujifungua; pengine lori limepinduka karibu na daraja la Nyabarongo. Anayepiga haulizi sheria ya kazi inasemaje, wala hahitaji kuuliza. Anataka jambo moja tu, kwamba mtu anayekuja kwake aje akiwa macho.

Jambo hilo haliamuliwi saa nane za usiku, simu inapolia. Linaamuliwa mchana, mkuu wa kituo anapokaa mezani na kuandika majina katika daftari la zamu. Hapo, mbele ya kila jina, kunapaswa kuwa na swali: huyu alilala lini? Taifa lililomtungia karani saa ya kwenda nyumbani halitapungukiwa na kitu kwa kumwulizia mlinzi wake swali hilo.